Begi la mwindaji kwa mtazama ndege: mwongozo kamili wa kununua begi la safari ya siku moja bila kupoteza pesa

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo, Jumapili yoyote ukifika soko la Kibuye, pale Kisumu, hukosi kuona begi la mwindaji mmoja au wawili limelala juu ya turubai, katikati ya mikoba ya akina mama na mabegi ya shule yenye picha za katuni. Utalitambua. Rangi yake ni ya majani makavu, kitambaa chake ni laini kama blanketi la mtoto, lina mikanda mingi kuliko unavyoweza kuielewa mara moja, na pengine ndani ya kijimfuko cha chini kuna kifuniko cha mvua cha rangi ya machungwa inayoumiza macho. Limekuja kwa robota kutoka Marekani au Ulaya, ambako mtu huingia msituni alfajiri kuvizia kulungu na kurudi jioni.

Sisi tunaovizia ndege kwa darubini tunafanya kazi ileile, ila bila risasi. Tunatoka gizani, tunatembea polepole, tunakaa kimya chini ya mti mmoja mpaka miguu ife ganzi, tunanyeshewa, tunarudi. Begi lililoshonewa mwindaji linatufaa kuliko lile la mwanafunzi au la kompyuta. Babu yangu kule Butere alitega aluru, wale kware wadogo, kwa vizimba vilivyoning'inizwa kwenye mlingoti, na hakuwahi kuhitaji zipu hata moja maishani mwake, lakini pia hakuwa na darubini ya kuikinga na mvua.

Begi langu la kwanza halikuwa la mtumba. Nilinunua jipya, mjini Nakuru, kwa Sh2,200, likiwa na nembo ya kampuni ya ng'ambo ambayo nina shaka kama ilijua begi hilo lipo. Lilikuwa na mifuko 9, nilihesabu kwa furaha. Wiki iliyofuata nilipanda Longonot. Pale kileleni, mita 2,776, nililitoa mgongoni ninywe maji, nikalirudisha, na mkanda wa kushoto ukang'oka kwenye shina lake kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa. Kulikuwa bado na sehemu kubwa ya ukingo wa volkeno mbele yangu, na mzunguko wote ni kilomita 7.2. Niliumaliza nimelikumbatia begi kifuani kama mama anayempeleka mtoto zahanati. Tangu siku hiyo sihesabu mifuko. Natazama mahali mkanda unapoingia kwenye begi, natazama zipu, kisha nalijaza begi mzigo na kulivaa palepale sokoni. Mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kutafuta begi

Watu wengi hununua begi kisha wanatafuta vya kujaza. Anza kinyume. Tandaza kitandani kila kitu utakachobeba siku ndefu kuliko zote, si siku ya kawaida, kisha kiweke kwenye mfuko mmoja ukakipime. Kama huna mizani nyumbani, mwenye bucha hatakunyima yake asubuhi kabla wateja hawajajaa.

Mzigo wangu ni huu: maji lita 2, ambazo ni kilo 2 kamili bila chupa, darubini ya 8x42, yenye gramu 700 hivi, koti la mvua, sweta, kwa sababu Nakuru saa kumi na mbili asubuhi haina huruma, chapati na mayai, kitabu cha ndege, simu na betri ya kuchajia, kisanduku kidogo cha dawa na bandeji, tochi. Jumla hucheza kati ya kilo 5 na 6. Kanuni inayotumiwa sana na watembeaji ni kwamba mzigo wa siku moja usipite takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 basi ana kilo 6, na begi lenyewe limo ndani ya hesabu hiyo.

Hapo ndipo mabegi mengi ya wawindaji yanapoanza kuanguka mtihani. Mwindaji wa Marekani anaweza kulazimika kutoka msituni na nyama mgongoni, kwa hiyo baadhi ya mabegi yao yana fremu ya chuma au plastiki ngumu na rafu ya kufungia paja la mnyama. Begi kama hilo huweza kupita kilo 2 likiwa tupu. Wewe hubebi paja la mnyama. Likikuelemea kabla hujaweka hata chupa ya maji, lirudishe kwenye turubai hata kama bei inakukonyeza.

Kuhusu maji, kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu inayohifadhiwa. Ile chupa nyepesi ya dukani itakwama getini. Utabeba chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, ambayo ni nene zaidi, na ndiyo unayopaswa kwenda nayo sokoni kujaribu mfuko wa pembeni.

Hatua ya 2: Ukubwa kwa lita

Mabegi hupimwa kwa lita, na wauzaji wengi hawajui lita za begi wanalouza. Tumia jicho la nyumbani: kila mtu aliyekulia Kenya anaujua mtungi wa maji wa lita 20. Begi ambalo ukilitazama unaona mtungi huo ungeingia wote bila kusukumwa lina zaidi ya lita 20. Kwa mzigo wa kilo 5 au 6, lita 20 hadi 28 zinatosha. Anayebeba kamera yenye lenzi ndefu aende hadi 30 au 35.

Zaidi ya hapo ni kujitafutia taabu. Begi kubwa lenye vitu vichache hulegea, mzigo unashuka chini na kukuvuta mabega nyuma. Halafu kuna matatu. Kutoka Kisumu hadi Kakamega begi litakaa mapajani pako, na la lita 40 litakaa mapajani pako na pa jirani.

Hatua ya 3: Pima mgongo, si urefu

Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi na miguu mirefu, na begi halijali miguu. Inamisha kichwa, upapase nyuma ya shingo mpaka upate mfupa unaochomoza kuliko yote. Hiyo ni alama ya juu. Kisha shika kiuno kwa mikono yote miwili, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea uti wa mgongo. Mahali vidole gumba vinapokutana ni alama ya chini. Mwambie mtu akupimie kwa utepe wa fundi cherehani. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 53.

Andika namba hiyo kwenye simu. Sokoni utapima begi kutoka mahali mikanda ya mabegani inapoanzia hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Zikipishana kwa sentimita 2 au 3, hakuna neno. Zikipishana kwa 7, mkanda wa kiunoni utakaa tumboni, na begi ambalo mkanda wake unabana tumbo badala ya nyonga ni begi la mabega tu, haidhuru muuzaji akwambie nini.

Hatua ya 4: Sokoni

Nenda asubuhi. Kibuye huwa na watu siku zote, lakini Jumapili ndiyo siku yake. Ukichelewa utakuta zile zinazoitwa kamera, yaani mali ya kwanza kutoka kwenye robota, zimeshachukuliwa na watu wanaoziuza tena mjini kwa bei maradufu. Sababu nyingine ni mwanga: kitambaa hakikaguliwi jioni chini ya hema la bluu. Nakuru nako mitumba ipo, na kwa kuwa hali ya hewa ni baridi, wauzaji wanaoleta majaketi mazito mara nyingi ndio hao hao wanaopata mabegi ya porini. Waulize. Ukiacha namba yako kwa mama mmoja mwaminifu, atakupigia robota likifunguliwa.

Usitafute jina. Jina linakusaidia tu kama unajua kampuni gani hushona nini. Kuna kampuni moja ya Marekani inayotengeneza mabegi ya kuwindia na kujiita Kifaru, neno letu kabisa, na ukiliona begi lake kwenye turubai lichukue kwanza ndipo uulize bei. Lakini hiyo ni bahati ya mara moja maishani. Siku nyingine zote, begi lisilo na jina lenye mshono mzuri linalishinda lenye jina kubwa na mshono wa kuparaza.

Kabla ya kupenda, tazama rangi. Madoadoa ya kijeshi yaache. Kuna mabegi ya wawindaji yaliyochorwa matawi na majani ya miti, na hayo ni tofauti na ya jeshi, lakini afisa aliye kwenye kizuizi cha barabarani saa kumi na moja alfajiri hataanza kuchambua tofauti hiyo. Sheria yetu inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na hutaki kuwa wewe wa kueleza begi lako lilizaliwa wapi. Chagua kahawia, kijani kilichopauka, kijivu.

Bluu na nyeusi nazo zina kasoro yake kwa upande wa ziwani. Ukienda mbuga ya Ruma, kwenye bonde la Lambwe, utakutana na mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi hizo mbili. Mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu hiyohiyo. Kuvaa begi la bluu Ruma ni kujigeuza mtego.

Kile kifuniko cha machungwa usikitupe kikija na begi. Kwao huwekwa ili mwindaji mwenzako asikudhanie kulungu. Kwetu kinafaa ukipotea kwenye ukungu wa Elgon, na pia unapotembea kando ya barabara jioni malori yakipita.

Hatua ya 5: Kagua kwa vidole

Hapa ndipo usiwe na haraka. Vua miwani ya jua, keti kwenye kile kigoda wanachokupa, uliweke begi magotini.

Anza na mashina ya mikanda ya mabegani, juu na chini. Ndiyo yanayobeba kila kitu. Mkanda mzuri hauishii kwenye mshono wa ukingo tu. Umeingia ndani, umeshonwa kwa mstari zaidi ya mmoja, na juu yake kuna vijistari vinene vya uzi uliokwenda na kurudi mara nyingi mahali pamoja, kama kovu. Ukiviona vijistari hivyo kwenye kila mahali panapovutwa, aliyeshona alikuwa anafikiria. Sasa shika begi kwa mkono mmoja, mkanda kwa mwingine, uvute kwa nguvu zako zote mara tatu huku ukitazama matundu ya sindano. Matundu yakifunguka na kuonyesha mwanga, uzi umechoka au kitambaa kimechoka. Uzi hurekebishika. Kitambaa kilichochanika kwenye matundu hakirekebishiki kwa namna ya kudumu. Begi langu la Longonot, nilipolifungua baadaye, lilikuwa na mstari mmoja wa uzi wa pamba na mishono mipana kiasi kwamba ningepitisha njiti ya kiberiti. Mshono wa kuaminika una mishono 3 au 4 kwa kila sentimita.

Geuza begi ndani nje, hasa chini. Mabegi mengi hupakwa utando wa plastiki upande wa ndani ili kuzuia maji, na utando huo huzeeka hata kama begi halijatumika, hasa likikaa kwenye joto na unyevu. Kwangua kwa ukucha. Ukitoka unga mweupe au magamba, au vidole vikinata kama umeshika gundi, utando umekufa. Pua pia itakwambia: utando unaooza una harufu kali ya uchachu ambayo sabuni haiitoi. Begi la namna hiyo linaweza bado kuwa imara, lakini litavuja, na magamba yatajaa kwenye lenzi za darubini yako. Kama kila kitu kingine ni kizuri, litumie kupunguza bei. Mimi huliacha.

Kitambaa chenyewe kiinue juani, ukitazame kutoka ndani. Vitundu vidogo huonekana kama nyota. Ukikuta lebo yenye namba na herufi D, kama 420D au 600D, hiyo ni denia, uzito wa uzi kwa gramu ukinyooshwa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene, lakini usilinganishe nailoni na poliesta kwa namba peke yake. Nailoni huvumilia kukwaruzwa vizuri zaidi, poliesta huvumilia jua. Nailoni ya 420D ni begi la miaka mingi. Poliesta ya 600D nzito na ngumu ndiyo iliyojaa kwenye mabegi ya bei rahisi, na si mbaya kama mishono ni mizuri.

Kile kitambaa cha manyoya mafupi kinachowapendeza wawindaji kimewekwa ili begi lisipige kelele likisuguana na matawi. Sokoni huwezi kusikia kwa sababu ya spika za matangazo, kwa hiyo lisogeze sikioni ukwangue kwa ukucha. Ni kimya kweli, na ndege hawashtuki. Lakini kina gharama: kinakunywa maji, kinachelewa kukauka, na ukipita shambani Nandi baada ya mavuno utarudi na vishona nguo vimejipanga begi zima. Kwa Kakamega, ambako mvua hupenda kuja alasiri na mwaka mzima huleta karibu milimita 2,000, napendelea nailoni ya kawaida iliyochakaa kidogo, kwa sababu nailoni iliyochakaa nayo haipigi kelele. Kwa Menengai na Nakuru kwenye ukavu, manyoya ni sawa.

Zipu. Funga na ufungue kila moja, taratibu kisha haraka, na kwenye kona uivute kwa kidole kimoja. Geuza kichwa cha zipu uone maandishi. YKK ni kampuni ya Kijapani na zipu zake hutegemewa, ingawa herufi tatu hizo huigwa pia. Namba iliyo karibu nazo inakaribia upana wa meno kwa milimita: kwa mfuko mkuu taka 8 au 10, na 5 iwe ya vijimfuko vidogo. Zipu ya 5 kwenye mdomo mkuu wa begi lililojazwa itapasuka siku moja, na siku hiyo utakuwa mbali. Zipu ikifungwa halafu meno yakaachana nyuma ya kichwa, mara nyingi tatizo ni kichwa kilicholegea, wala si zipu. Fundi wa viatu hubadilisha kichwa kwa bei ya chai na mandazi. Meno yenyewe yakiwa yamekatika, zipu nzima inabadilishwa, na hapo unaongea bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Bizimu, vile vishikizo vya plastiki vinavyolia kla, zifunge na kuzifungua zote. Tafuta nyufa kwenye meno yake. Ya kiunoni ikiwa imevunjika ng'oa nyingine kwenye begi bovu, wauzaji wanayo. Bizimu ya kifuani mara nyingi ina kifilimbi ubavuni ambacho hata mwenye begi wa kwanza hakukigundua. Puliza uone. Mipulizo mitatu ndiyo ishara ya mtu anayehitaji msaada.

Velkro ni adui yetu. Mfuko wa darubini unaofungwa kwa velkro utafukuza kila ndege kabla hujaitoa. Kama begi ni zuri na velkro ni moja, fundi ataitoa na kushona kifungo.

Hatua ya 6: Vaa ukiwa na mzigo

Begi tupu humkaa kila mtu vizuri, na wauzaji wanalijua hilo. Nilipokuwa nanunua hili ninalotumia sasa, nilikwenda kwanza kwenye kioski cha jirani nikachukua pakiti tatu za unga wa kilo mbili mbili, nikarudi nazo.

Mama mwenye mali alicheka. "Kasitoma, umekuja kununua begi ama kusonga ugali?"

"Mama, huu unga ndio unanisaidia kuchagua."

"Haya, lakini ukilipasua unga huo ni wangu."

Nilitandika sweta chini, nikapanga unga juu yake karibu na mgongo, kisha nikaliweka begi bega moja. Utaratibu ni huu. Legeza mikanda yote kwanza. Vaa, kisha funga mkanda wa kiunoni, katikati yake ikae juu ya mfupa wa nyonga, si chini yake wala tumboni. Vuta ya mabegani mpaka iguse bega lote bila nafasi, lakini isibebe. Kama kuna vijikanda vidogo vya juu ya mabega vinavyoivuta sehemu ya juu ya begi, vikaze kidogo. Mkanda wa kifuani uje mwisho, chini kidogo ya mifupa ya shingo, na usikubane pumzi. Ukifanya hivyo sawasawa utahisi mabega yameachiliwa, kama mtu amekunyanyulia begi kwa nyuma.

Mabegi madogo mengi yana mkanda wa kiunoni mwembamba usio na sponji. Huo haubebi, unazuia tu begi lisiyumbe. Kwa kilo 5 inatosha. Kwa kilo 8 taka sponji.

Sasa tembea. Zunguka vibanda dakika kumi, acha pesa au kitambulisho kwa muuzaji ili asiwe na wasiwasi. Inama kama unafunga kamba za viatu uone kama begi linakupiga kisogoni. Kisha fanya jaribio ambalo anayetazama ndege hapaswi kulisahau: inua kichwa utazame juu kabisa, kama unayemtafuta hondohondo kwenye kilele cha mti Kakamega. Begi likigusa kofia, ni refu mno kwako, na utatumia siku nzima na shingo iliyozuiwa. Nimeacha mabegi mawili mazuri kwa sababu hii tu.

Mwisho, ukiwa umelivaa, nyoosha mkono nyuma utoe chupa kwenye mfuko wa pembeni na kuirudisha. Usipoweza, hutakunywa maji, kwa sababu kila mara utaona uvivu wa kulivua.

Akina dada, tazama kama mikanda ya mabegani imepinda kama herufi S. Iliyonyooka husugua kwapani na kifuani, na kukaza hakutatui.

Hatua ya 7: Bei

Mimi nimelipa kati ya Sh800 na Sh2,500 kwa mabegi ya mtumba ya aina hii. Ninalotumia lilianza kwa Sh2,800 nikalichukua kwa Sh1,600, kwa sababu kichwa kimoja cha zipu kilikuwa kibovu na bizimu ya kifuani haikuwepo. Nilimwonyesha mama kasoro hizo moja moja, bila kulidharau begi lake. Ukianza kwa kusema begi ni takataka, muuzaji anakuuliza mbona basi umelishika nusu saa.

Jumlisha matengenezo kwenye bei kabla ya kukubali. Begi la Sh1,200 linalohitaji zipu mpya na sponji mpya linaweza kukugharimu zaidi ya la Sh2,000 lisilo na dosari. Na begi jipya la Sh2,000 lenye nembo kubwa, lile la vibanda vya mjini, ndilo ninalolikwepa kabisa. Kama unataka jipya na huna muda wa mitumba, weka pesa mpaka ufikie la kampuni inayotoa dhamana, au mpelekee fundi wa mabegi kitambaa cha turubai na umwonyeshe mashina ya mikanda unayotaka. Litakuwa zito, lakini halitang'oka.

Hatua ya 8: Kabla ya safari ya kwanza

Lifue kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande na brashi laini. Usitie Jik, na usilikoroge kwenye mashine. Toa vumbi kwenye meno ya zipu kwa mswaki wa zamani. Vumbi la volkeno la Menengai ni kali kama msasa na ndilo linaloua zipu za watu wa Nakuru. Likikauka, sugua mshumaa juu ya meno. Anika kivulini, mdomo wazi, kichwa chini. Jua la siku nyingi huila nailoni.

Mpelekee fundi wa viatu aongeze mshono kwenye mashina manne ya mikanda hata kama yanaonekana mazuri. Mwambie atumie uzi wa nailoni, apite na kurudi. Simama hapo hapo akishona, maana akiachwa peke yake atapitisha mstari mmoja tu.

Usitegemee kifuniko cha mvua peke yake. Maji hushuka mgongoni mwako na kuingia upande ambao hakifuniki. Mimi nilijifunza hilo Isecheno, kwenye msitu wa Kakamega, chapati zikiwa zinaelea. Tia kitu kisichopitisha maji ndani ya begi. Majuala, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, yalipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini ile karatasi nene ya plastiki ya ndani ya mifuko ya kuhifadhia mahindi inayouzwa agroveti hufanya kazi hiyo vizuri sana. Ikunje mdomo mara tatu. Darubini na simu ziwe ndani yake, chakula kiwe ndani ya begi vilevile, si kwenye mfuko wa wavu wa nje: nyani wa Ziwa Nakuru wanajua mfuko wa wavu ni nini.

Na ile mikanda mingi. Kata au kunja kila mkia unaoning'inia, ufunge kwa mpira wa baiskeli uliokatwa kama pete. Wengi wetu hufika getini kwa boda, na mkanda wa kiunoni uliofunguliwa unaning'inia usawa wa gurudumu la nyuma. Ukipanda pikipiki, funga mkanda huo nyuma ya begi au mbele ya tumbo lako kabla dereva hajawasha injini.